Wazazi Wageni, Mtoto Mwenyeji: Tafakuri juu ya Siku za Kwanza za Kuasili Ugenini

Miongoni mwa matendo ambayo binadamu huyakamilisha kwa saini na muhuri, ni machache yanayodai makubwa kama kuasili, yaani kumfanya mtoto aliyezaliwa na watu wengine awe mtoto wa mtu kisheria, kwa haki na wajibu uleule unaomhusu mtoto wa kuzaa. Ndoa nayo hufungwa kwa saini, lakini wanaofunga ndoa hutamka ridhaa yao wote wawili. Katika kuasili, yule ambaye maisha yake yatageuka kuliko ya mwingine yeyote ndiye asiyeulizwa, kwa kuwa mara nyingi hajajua hata kusema. Ugumu huu huonekana wazi zaidi katika siku za kwanza ambazo mume na mke hukaa katika nchi ya kigeni walikosafiri kumchukua mtoto, wakati ambapo hati tayari zinawaita baba na mama, huku mtoto mwenyewe hajui hata sauti zao. Swali linalochunguzwa hapa ni hili: katika siku hizo watu hao wana haki gani juu ya mtoto, na haki hiyo inatoka wapi? Hoja inayotetewa ni kwamba sheria huwapa uzazi kamili kabla hawajawa na jambo lolote la kumdai mtoto, na kwamba uzazi ulioanza hivyo ni deni kabla ya kuwa haki, deni ambalo upendo wa baadaye, hata uwe mkubwa namna gani, haulifuti.

Mfano mkuu utakaofuatwa ni wa China, kwa kuwa ndiko ambako safari ya kuasili ilipata taratibu zilizofanana mwaka baada ya mwaka, kiasi kwamba maelfu ya wazazi kutoka Marekani, Kanada, Hispania na Uholanzi walipita katika njia moja. Sheria ya kuasili ya nchi hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 1992 na kuwafungulia wageni mlango. Hadi serikali ya China ilipotangaza Septemba 2024 kwamba mlango huo umefungwa, isipokuwa kwa jamaa wa karibu wa mtoto, zaidi ya watoto 160,000 walikuwa wameondoka, na takriban nusu yao walikwenda Marekani. Waombaji walisubiri miezi mingi, na wengine miaka, kabla ya kupokea picha na taarifa fupi ya afya ya mtoto. Kisha walisafiri hadi makao makuu ya mkoa alikotoka, na huko, katika ofisi ya mambo ya kiraia au katika ukumbi wa hoteli, mlezi wa kituo cha yatima akawakabidhi mtoto ambaye hawakuwahi kumgusa. Kuanzia hapo yalihesabiwa masaa 24 ambayo mtoto alikuwa chini ya uangalizi wao kabla uasili haujasajiliwa. Siku iliyofuata walirudi ofisini, wakaulizwa kama wameridhika na mtoto, wakaahidi kutomtupa wala kumtesa, wakatia saini na alama za dole gumba, na uasili ukawa umekamilika.

Zilizobaki zilikuwa siku za kungoja pasipoti ya mtoto na, kwa Wamarekani, za kwenda Guangzhou, mji ambao ubalozi mdogo wa Marekani uliopo huko ndio uliotoa viza za watoto wote walioasiliwa China. Kwa miaka mingi shughuli hiyo ilifanyika katika kisiwa kidogo cha Shamian, palipokuwa makazi ya Waingereza na Wafaransa baada ya Vita vya Afyuni, na ambapo hoteli ya White Swan ilijaa wazazi wageni waliosukuma vigari vya watoto. Mtoto alipimwa afya, wazazi wakaapa kwamba waliyoyaandika katika karatasi zao ni kweli, na kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2001 mtoto aliyeasiliwa kikamilifu alipata uraia wa Marekani mara alipoingia nchini humo. Tangu kukabidhiwa hadi kupanda ndege, wiki mbili hivi zilitosha.

Jambo la kwanza la kuzingatia katika wiki hizo mbili ni nafasi ya kila mmoja. Mume na mke hawasomi maandishi ya barabarani, hawaagizi chakula bila mkalimani, hawajui maji gani yananyweka wala ni nani wa kumwuliza usiku mtoto akipata homa. Katika kila jambo ni wageni wanaoishi kwa hisani ya wenyeji. Mtoto, kwa upande wake, yuko nyumbani: lugha inayosikika kwenye lifti ndiyo aliyoizoea masikioni, harufu ya wali na ya moshi wa mitaani ndiyo ya siku zake zote, na nyuso za wapita njia zinafanana na ya mlezi wake. Hali hii haitarudi tena. Ndege ikishaondoka, wao watakuwa wenyeji maisha yao yote, naye atakuwa yule ambaye majirani watamwuliza katokea wapi. Ndiyo maana siku hizo za ugenini zina thamani ya kimaadili isiyotiliwa maanani vya kutosha, kwani ni nafasi ya pekee ambayo wazazi wanaonjeshwa kwa kipimo kidogo kile ambacho mtoto atapewa kwa kipimo kikubwa. Anayezitumia siku hizo kwa kuhesabu saa za kuondoka, akila chakula cha kwao tu na kuulalamikia mji, amekwisha kumfundisha mtoto, kabla hata mtoto hajaelewa neno, kwamba kwao ni mahali pa kukimbiwa.

Masaa yale 24 nayo yanastahili kutazamwa kwa makini. Kwa maelezo ya kiofisi yaliwekwa ili wazazi na mtoto wazoeane kabla ya kufungamana kisheria, na nia hiyo ni njema. Lakini aliyeulizwa kama ameridhika ni mtu mzima, na aliyeweza kusema hapana ni mtu mzima, na wako waliosema hapana. Mtoto alieleza kutoridhika kwake kwa njia aliyokuwa nayo, yaani kilio, kukataa chakula, au kumgeuzia mgongo mmoja wa wageni wale, na maelezo hayo hayakuwa na safu ya kuandikiwa katika fomu. Kuna hata jambo la kutisha zaidi ya kilio. James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na daktari John Bowlby jijini London, alionyesha katika filamu yake ya mwaka 1952 juu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini peke yake kwamba mtoto aliyetengwa na aliowazoea hupita katika hatua tatu: kwanza hupinga, kisha hukata tamaa, na mwisho hujitenga kihisia. Wauguzi wa siku zile waliiona hatua ya utulivu kuwa dalili kwamba mtoto amezoea, kumbe ukimya ule ulikuwa huzuni iliyokosa wa kuisikia. Mume na mke wanaosema kwa furaha, siku ya tatu hotelini, kwamba mtoto ni mpole na halii kabisa, huenda wanatazama jambo hilohilo.

Maandiko matakatifu yanalijua jambo hili kuliko yanavyosifiwa kulijua. Katika Qurani, kisa cha Musa kinaeleza kwamba mtoto aliyeokotwa mtoni na watu wa nyumba ya Firauni alikataa kunyonya kwa wanyonyeshaji wote walioletwa, mpaka dada yake alipowaelekeza kwa mwanamke ambaye wao hawakumjua kuwa ndiye mama aliyemzaa. Kukataa kwa mtoto hapo hakuelezwi kuwa ukaidi wala utovu wa shukrani, bali ni njia ambayo Mungu anaitumia kumrudisha mtoto kifuani pa mamaye. Biblia, katika kitabu cha Kutoka, inataja binti Firauni badala ya mke wa Firauni anayetajwa na Qurani, lakini nayo inamweka mama mzazi ndani ya nyumba ya kuasili, tena akilipwa ujira wa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe. Hivyo mtoto wa kuasili anayejulikana kuliko wote katika dini tatu hakukatwa kwa siku moja kutoka kwa mama mmoja na kuunganishwa na mwingine. Alikua akiwa na wote wawili, na alipofika utu uzima alijua ndugu zake ni akina nani. Isitoshe, mtoto huyo hakutupwa kwa kukosa kupendwa. Alitiwa mtoni kwa sababu ya amri ya mtawala.

Kwa wazazi wanaosafiri, fikra iliyo karibu zaidi nao ni ile ya uokoaji, na hapo ndipo falsafa ya China yenyewe inapotoa msaada. Mengzi, mwanafikra wa karne ya 4 kabla ya Kristo aliyeendeleza mafundisho ya Confucius, alitoa mfano wa mtu anayemwona ghafla mtoto mdogo akikaribia kutumbukia kisimani. Mtu yeyote, alieleza, angeshtuka na kuhuzunika papo hapo, wala si kwa kutaka kujipendekeza kwa wazazi wa mtoto, wala kwa kutafuta sifa za majirani na rafiki, bali kwa sababu huruma imo katika maumbile ya binadamu kama mbegu ya utu wake. Mfano huu umekuwa nguzo ya tafakuri ya maadili kwa zaidi ya miaka 2,000, na unaeleza vizuri kwa nini mtu wa Minnesota au wa Barcelona anaweza kuguswa na picha ya mtoto asiyemjua hata akavuka bahari kwa ajili yake. Msukumo huo ni wa kweli na haufai kudharauliwa.

Hata hivyo katika mfano wa Mengzi kuna jambo ambalo msomaji hulipita upesi, nalo ni kwamba mtoto wa kisimani ana wazazi. Wametajwa humohumo, kama watu ambao mwokoaji angeweza kutaka kujipendekeza kwao. Mengzi hasemi kwamba anayemwahi mtoto ukingoni mwa kisima anakwenda naye nyumbani kwake. Huruma inampa mtu sababu ya kunyoosha mkono, haimpi sababu ya kuumiliki mkono alioushika. Kati ya kuokoa na kuwa mzazi kuna hatua nyingine kabisa, na hatua hiyo haiwezi kuhalalishwa kwa huruma peke yake, kwa maana huruma ingetosheka vilevile kama mtoto angerudishwa kwa mamaye akiwa salama. Anayetaka kuwa mzazi lazima aulize swali ambalo mwokoaji hana nafasi ya kuliuliza katika dharura: mtoto huyu alifikaje kisimani, na nani anamtafuta?

Katika China swali hilo lilikuwa na jibu linalojulikana kwa sehemu kubwa. Kuanzia mwaka 1980 hivi hadi mwaka 2015 serikali iliwawekea watu wengi kikomo cha mtoto mmoja, na wengine wa mashambani wawili iwapo wa kwanza ni msichana. Familia iliyovuka kikomo ilitozwa faini nzito, na katika jamii ambako mwana wa kiume ndiye anayeendeleza ukoo na kuwatunza wazazi uzeeni, wasichana wengi waliachwa mlangoni pa kituo cha polisi, sokoni, au penye lango la kituo cha yatima. Kwa kuwa kumtupa mtoto ni kosa la jinai na hapakuwa na njia halali ya kumtoa wazi, mama hakuweza kuacha jina. Mtoto alipewa na kituo tarehe ya kuzaliwa ya kukadiriwa na jina la ukoo ambalo mara nyingi watoto wote wa kituo walilishiriki. Picha yake ikachapishwa katika gazeti la mkoa kuwatangazia wazazi wajitokeze, jambo ambalo wazazi hao, kwa sheria hiyohiyo, hawakuthubutu kulifanya. Baya zaidi, mwaka 2005 iligunduliwa mkoani Hunan kwamba watoto walikuwa wakinunuliwa na kupelekwa vituoni, na mahakama ikawafunga waliohusika. Ikumbukwe kwamba kila familia ya nje ilitakiwa kukitolea kituo mchango wa lazima, ambao kwa miaka mingi ulikuwa dola 3,000 za Marekani. Fedha hizo zilijenga mabweni na kulipa walezi, lakini pia ziliweka bei mahali ambapo bei haikupaswa kuwapo, na mzazi aliyezibeba mkobani kwa moyo safi hakuwa na namna ya kujua kama alikuwa akichangia malezi au akilisha biashara.

Juu ya mama aliyeachana na mtoto hivyo, Aristotle ana neno linalostahili kusikika zaidi kuliko hukumu nyingi za kisasa. Katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, akitaka kuthibitisha kwamba kiini cha upendo ni kupenda zaidi kuliko kupendwa, anatoa ushahidi wa akina mama waliowatoa watoto wao walelewe na wengine: wanaendelea kuwapenda wakijua ni wao, hawadai kupendwa ikiwa haiwezekani, na kwao yatosha kuona kwamba watoto wanastawi. Mwanafalsafa huyo hakuwatafuta mashujaa wa vita wala marafiki wa kifalme. Kilele cha upendo alikiona kwa mama asiyejulikana na mwanawe. Ajabu ni kwamba kipimo hichohicho kinawaangukia mume na mke katika chumba cha hoteli. Wao nao, kwa siku hizo, wanatakiwa kumpenda mtu asiyewapenda, anayewaogopa, na ambaye hana sababu yoyote ya kuwashukuru. Mama aliyeacha na mama aliyepokea, ambao hawataonana, wanasimama kwa muda mfupi katika nafasi moja ya kimaadili, na anayepokea akitambua hivyo hataweza tena kumzungumzia mwenzake kwa dharau mbele ya mtoto.

Immanuel Kant alilitazama suala la wazazi na watoto kwa upande mwingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1797 juu ya metafizikia ya maadili aliandika kwamba wazazi wamemleta duniani mtu huru bila kumtaka ridhaa, na kwa sababu ya tendo hilo wanabeba wajibu wa kumfanya, kadiri ya uwezo wao, aridhike na hali waliyomtia. Hoja hii ina udhaifu kidogo kwa wazazi wa kuzaa, kwa kuwa hakuna mtoto anayeweza kuulizwa kabla hajakuwapo, na pasipokuwa na wa kuulizwa ni vigumu kulalamika kwamba hakuulizwa. Kwa wazazi wa kuasili haina udhaifu huo hata kidogo. Mtoto wao alikuwapo, alikuwa na mahali, walezi, lugha aliyoanza kuielewa na hata mazoea ya usingizi, naye akachukuliwa akapelekwa katika nchi nyingine kwa uamuzi wao. Ikiwa Kant yuko sahihi kwamba kumtia mtu katika hali asiyoichagua kunazaa deni, basi wadaiwa wakubwa kuliko wote ni wazazi hawa, na mtoto wao hana deni kwao la shukrani kwa kuasiliwa, kama wengi wanavyodhani na kumwambia. Watu wazima walioasiliwa wamesema mara nyingi jinsi walivyochoshwa na kuambiwa kwamba wana bahati. Walio na bahati, kwa mantiki ya Kant, ni wadaiwa waliopewa muda mrefu wa kulipa.

Uislamu umelitambua deni hilo kwa namna yake, na ni vyema kueleza utaratibu wake kwa kuwa unaeleweka vibaya nje ya Waislamu. Kabla ya ufunuo wa sura ya al-Ahzab, Waarabu walikuwa na desturi ya tabanni, yaani kumchukua mtoto na kumpa nasaba mpya, nayo nasaba ni mfululizo wa ukoo kwa upande wa baba. Zayd bin Haritha alitekwa utotoni, akauzwa, akaishia katika nyumba ya Muhammad na Khadija. Baba yake aliyemtafuta kwa huzuni alipompata Makka na kutaka kumkomboa, Zayd alipewa hiari achague, akachagua kubaki, na tangu hapo akaitwa mwana wa Muhammad. Ufunuo ukaja kuamuru kwamba watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao, na Zayd akarudi kuwa bin Haritha, bila kupungukiwa na mapenzi wala heshima. Ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Qurani. Kilichobaki ni kafala, dhamana ya kumtunza, kumlea na kumsomesha mtoto bila kumfutia asili yake, na mlezi anaruhusiwa kumwachia kwa wasia sehemu isiyozidi theluthi ya mali. Ikiwa mtoto yungali mchanga, mama mlezi anaweza kumnyonyesha, na kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika Pwani ya Afrika Mashariki, kunyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili kunamfanya mtoto kuwa wa nyumba kwa maana ya kuharimika kuoana na watu wake. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa wa baridi, kwamba unamwacha mtoto nusu nje ya mlango. Ukweli ni kwamba unakataa jambo moja tu, nalo ni uongo kuhusu alikotoka mtoto, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala waziwazi katika ibara ya 20 miongoni mwa njia halali za malezi.

Wakristo wengi wanaosafiri kwenda kuasili hutegemea mafundisho ya Paulo, ambaye katika nyaraka zake kwa Warumi na Wagalatia anawaeleza waumini kuwa wamefanywa wana wa Mungu, akitumia picha ya sheria ya Kirumi ambayo kwayo mtu aliuacha ukoo wake wa zamani na kuingia mpya kama mrithi kamili. Picha hiyo ina uzuri wake, lakini kuihamishia moja kwa moja katika safari ya Guangzhou ni hatari, kwa sababu anayeasili katika mafundisho ya Paulo ni Muumba mwenyewe, anayemrudisha kwake kiumbe aliyekuwa wake tangu mwanzo. Mume na mke hawakumwumba mtoto wa Hunan, na wakijiweka katika kiti kile watamfanya mama wa kwanza kuwa utumwa ambao mtoto amekombolewa kutoka kwake. Yusufu wa Nazareti, aliyemlea mtoto asiye wake akijua siku zote kwamba si wake, ni kielelezo kinachowafaa zaidi.

Je, mgeni anaweza basi kustahili kuwa mzazi, na kwa muda gani? Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993 kuhusu uasili wa kimataifa ulijaribu kujibu kwa kuweka ngazi, yaani kwanza itafutwe familia ndani ya nchi ya mtoto, wazazi waridhie kwa hiari bila malipo, na mtoto aende nje pale tu ambapo haya yameshindikana. Sheria za Afrika Mashariki zimekwenda mbali zaidi katika jambo linalohusu moja kwa moja siku za kwanza. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo kabla ya kuasili. Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2016, ilidai makazi ya mwaka mmoja na kuziba mwanya wa wageni kupewa ulezi wa kisheria na kuondoka na mtoto baada ya wiki chache. Kenya ilisimamisha uasili wa kimataifa Novemba 2014, na Ethiopia ikaupiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 2018. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, serikali ilisitisha Septemba 2013 vibali vya watoto walioasiliwa kuondoka nchini, na baadhi ya familia zilizokuwa tayari na hukumu za mahakama zilisubiri zaidi ya miaka miwili, baba au mama akiishi Kinshasa na mtoto huku mwenzake akifanya kazi upande wa pili wa dunia.

Sheria hizi zimelaumiwa kwamba zinawaacha watoto vituoni, na lawama hiyo ina uzito, kwa maana kituo si familia na kila mwaka wa utotoni unaopotea haurudi. Hata hivyo masharti ya makazi yana hekima ambayo wiki mbili za China hazikuwa nayo. Mgeni aliyeishi Mwanza au Gulu mwaka mzima au mitatu amejifunza kununua mboga kwa lugha ya sokoni, ameugua akauguzwa na majirani, amehudhuria misiba. Mtoto anapoingia nyumbani kwake haingii ugenini peke yake, anamkuta mtu anayejua mtoto anaacha nini. Zaidi ya hapo, jamii imepata muda wa kumtazama, na ndugu wa mtoto, kama wapo, wamepata muda wa kujitokeza. Kati ya mlango uliofungwa kabisa na mlango wa wiki mbili, njia ya makazi ndiyo inayolipa uzito deni lililoelezwa hapo juu, na ndiyo inayopaswa kutetewa, kwa sharti kwamba mahakama na maofisa wa ustawi wa jamii wafanye kazi kwa kasi inayomjali mtoto.

Watoto waliokabidhiwa katika ofisi za China katika miaka ya 1990 sasa ni watu wazima, na wengi wao wamerudi katika mikoa yao kutafuta jina, tarehe, au mtu anayekumbuka. Huko Korea ya Kusini, nchi iliyowatoa watoto wapatao 200,000 kwenda ng’ambo tangu Vita vya Korea, tume ya ukweli na maridhiano ilieleza Machi 2025 kwamba kumbukumbu za kuzaliwa za baadhi yao ziligeuzwa makusudi, watoto wenye wazazi wakiandikwa kuwa yatima. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Hague inaziagiza nchi zihifadhi taarifa za asili ya mtoto, hasa utambulisho wa wazazi wake. Wanaotunza majalada hayo katika vituo vya Nairobi, Kampala, Kinshasa na Dar es Salaam wanaombwa wayahifadhi kwa ukamilifu wake, na kila mume na mke walio ugenini wakisubiri kukabidhiwa mtoto wadai nakala ya kila karatasi, waandike jina la mlezi aliyemleta, la mtaa alikookotwa na la kila aliyemfahamu, kabla hawajapanda ndege.